Mtakatifu Yosefu Yuko Mahabusu

Mlionifuata tangu mwanzo mnakumbuka nilipowaachia. Mnaonikuta leo hamjachelewa, kwa sababu uchungu wenyewe ndiyo kwanza unaanza.

Mimi ni Idalina, wa Lajedo do Mocó, huku kwenye nyika kavu ya jimbo la Pernambuko. Mtoto wangu aliyebaki hai ni mmoja, Erivan, mfuga mbuzi. Ukame wa kwanza ulipoua ng'ombe wa matajiri, mbuzi wake walinenepa, maana alikuwa amepanda mpungate shamba zima huku watu wakimcheka kwamba analima miiba. Hao hao waliomcheka akawagawia vipande vya kupanda. Kisha akawakusanya wakajengeana matangi ya saruji ya kuvuna maji ya mvua, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu na koleo lake. Watu wakasema huyu ndiye anayetufaa. Akawa diwani. Baadaye akawa meya.

Juma lililopita niliwaeleza alivyokula kiapo akiwa na kofia ya ngozi ya marehemu baba yake, na jinsi kofia ile ilivyotoka kichwani siku alipomchukua Wanderlei awe mpambe wake. Huyo Wanderlei ni mtu wa Recife, mji mkuu wa jimbo. Nguo zake hazina vumbi, na hajawahi kukamua mbuzi hata wa kujaribu.

Nawaandikia kina mama wenzangu ambao watoto wao wanapigiwa makofi barabarani. Mimi nilisimama kando nikacheka kwa furaha. Nisomeni mjue.

Basi, ukame ulirudi. Matangi yakakauka. Maji yakawa yanaletwa na maboza ya mji, na maboza yalikuwa mkononi mwa mwanangu.

Jirani yangu ni Nazaré. Ndiye aliyemshika Erivan siku ya ubatizo, na ndiye aliyemnyonyesha nilipolala na homa ya uzazi. Tunaitana komadre, kama waitanavyo mama mzazi na mama wa ubatizo, na kwetu undugu huo unaupita wa damu.

Sasa Damião, mwana wa Nazaré, alichora namba ya mgombea wa upande wa pili kwenye ukuta wa mama yake, kwa rangi ya buluu. Uchaguzi ulikuwa bado miezi, lakini kwetu uchaguzi mpya huanza siku yanapotangazwa matokeo ya ule wa zamani.

Tangu siku hiyo boza likawa linafika kwangu, linamwaga maji mpaka tangi linafurika, halafu linapita mlangoni kwa Nazaré bila hata kupunguza mwendo.

Nilimuuliza Erivan.

"Mama, hayo ni mambo ya madereva."

"Madereva wanamsikiliza nani?"

"Mama, siasa siyo zizi la mbuzi."

"Ningeshukuru ingekuwa zizi. Zizini kila mbuzi anakunywa."

Akatazama simu yake.

Nikawa nampelekea komadre maji mwenyewe, ndoo kichwani. Naye anapokea kwa utani wake. "Lete, lete, komadre. Mwagilia wapinzani waote."

Mwezi wa tatu ukaingia, na angani hata wingu la kufutia kamasi hakuna. Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu ilikuwa inakaribia, na ikipita bila mvua, mwaka huo usipande kitu. Lakini dawa yake tunaijua. Mtakatifu Yosefu anaibiwa.

Msicheke. Sanamu yake inachukuliwa nyumbani kwa mtu, kimyakimya, na mwizi anamweka kwake kama mgeni, kwa maua na mshumaa. Mzee akiona kalala ugenini, anaikumbuka mvua ili arudishwe kwao. Ikinyesha, mwizi anambeba kwa mikono yake mwenyewe mpaka kule alikomtoa, kijiji kizima nyuma yake na filimbi na ngoma, na mwenye nyumba anapika kahawa. Aliyeibiwa hatakiwi kujua mwizi ni nani. Hata akijua, hajui. Na kuibiwa ni heshima. Ziko nyumba ambazo hazijaibiwa hata siku moja, na wenyewe wanaona haya.

Wangu alichongwa na baba yangu. Pua yake ilimegeka Erivan alipomwangusha akiwa mdogo. Siku hiyo alilia akidhani Mungu atamkata ya kwake. Tuliigandisha kwa nta, na tangu hapo kila akimshika sanamu yule, kidole gumba lazima kikae juu ya pua.

Asubuhi moja nilikuwa zizini nakamua. Nikasikia kikohozi ndani ya nyumba yangu. Kikohozi kile nakijua, kinaanza kama jogoo anayejifunza kuwika. Nikaendelea kukamua, tena polepole, nimpe mtu nafasi.

Niliporudi ndani, kibao cha ukutani anapokaa mtakatifu wangu kilikuwa kitupu.

Nikatoka uani nikapaza sauti. "Jamani nimeibiwa! Mwizi huyu aote nundu!"

Ng'ambo ya ua nikasikia mtu anacheka mpaka anapaliwa.

"Komadre!" nikaita. "Hujaona mtu kapita hapo na mzee mwenye ndevu?"

"Wazee wenye ndevu siku hizi hawanitazami, komadre. Wangepita ningewakamata!"

Tulicheka, mimi huku, yeye kule. Hatukucheka tena pamoja.

Jumapili Erivan akaja kula, na Wanderlei nyuma yake. Nilipika kuskusi ya mahindi na nyama ya mbuzi ya kukausha.

"Baraka yako, mama," Erivan akasema mlangoni, kama mtoto yeyote wa kwetu anavyomwambia mzazi.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Macho yake yakaenda kwenye kibao. Akatabasamu, tabasamu lile la zamani la shambani. "Kaibiwa?"

"Kaibiwa."

"Safi sana!"

Kwa muda huo mfupi alikuwa mwanangu mtupu, hana umeya.

Wanderlei akaweka kijiko chini. "Mheshimiwa, nyumba ya mama yako imeingiliwa na wewe unasema safi?"

"Ni mila, bwana. Wewe mtu wa mjini huwezi kuelewa."

"Naelewa jambo moja. Mvua ikinyesha, huyo mwizi ataongoza maandamano ya watu wote mpaka mlango huu. Akiwa wa upande wa pili je? Picha itaingia kila simu ya jimbo hili. Watasema mtakatifu amemkimbia meya. Halafu uniulize ubunge umepotelea wapi."

Erivan akaacha kutafuna. Ubunge wa jimbo ulikuwa umemwingia kichwani, na mtu akiutaja alikuwa anakaa kama mtu anayesikiliza muziki wa mbali.

Mimi nikataka kumtoa wasiwasi. "Upande wa pili wapi! Ni komadre tu. Nimemjua kwa kikohozi."

Kina mama, ni hapo. Sikupewa hongo, sikutishwa. Nilikuwa na kuskusi mdomoni, nataka mwanangu ale kwa raha. Mila inasema aliyeibiwa hajui, na mimi nikajua kwa sauti.

"Nazaré," Wanderlei akasema taratibu. "Yule wa ukuta wa buluu."

"Wanderlei, acha," Erivan akasema.

Lakini alisema hivyo akiwa anatazama sahani.

Kesho yake polisi walifika kwa komadre. Walimkuta Mtakatifu Yosefu mezani, kavishwa shada la maua ya karatasi, mbele yake kikombe cha maji. Maji yenyewe ndiyo yale niliyompelekea. Wakambeba mtakatifu, wakambeba na yeye.

Nilikwenda kituoni mbio, kandambili moja nikaiacha njiani.

"Afande, mwachieni huyo mama. Hakuna aliyeibiwa hapa."

Mkuu wa kituo akavua miwani. "Dona Idalina, kuna malalamiko."

"Kalalamika nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Kwa niaba yako. Mwanao kapiga simu, kasema umeshtuka sana hulali."

"Nalala fofofo! Yafuteni!"

"Aliyefungua ndiye afunge, Dona. Mimi na meya sitaki maneno."

Nazaré alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani, kavaa gauni lake la kanisani. Aliwaomba polisi wamsubiri avae hilo. Damião alikuwa kasimama pembeni yake.

"Hongera, mama wa meya," akaniambia. "Maji mmetunyima. Sasa hata watakatifu mnatufunga."

"Damião, nyamaza," Nazaré akasema. "Komadre hana kosa."

Afadhali angenitukana.

Nje watu walikuwa wameshajaa, na watu wa kwetu hawakosi la kusema hata kwenye msiba.

"Mtakatifu Yosefu yuko mahabusu!" mmoja akapiga kelele. "Mvua mtaipata wapi?"

"Mwekeeni dhamana!"

"Dhamana gani? Seremala huyo, hana hata kiwanja!"

Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka ofisini kwa mwanangu. Sikumpa hata nafasi ya kuomba baraka.

"Erivan, ziwa ulilonyonya liko kwenye benchi la polisi."

Akafunga mlango. "Mama, Wanderlei alisema watamtisha tu, wachukue sanamu, basi. Sikujua watambeba."

"Wewe ndiye meya au Wanderlei?"

"Hujui ninavyobanwa! Nikirudi nyuma leo, kesho kila mtu atanipanda kichwani."

"Alikupakata kichwa hicho hakijakaza utosi."

Akakaa. Akachukua simu, akasema maneno mawili matatu. Mchana ule Nazaré akaachiwa. Mtakatifu akabaki, wakisema ni kidhibiti mpaka kesi iishe. Erivan akanitazama kama mtu aliyetenda hisani, anangoja ashukuriwe. Sikumshukuru.

Jioni nikampelekea komadre ndoo ya maji. Akaja mpaka mlangoni, asiipokee.

"Komadre, maji yako matamu," akasema, "lakini yana mwenyewe. Siyawezi tena."

"Haya si ya Erivan. Ni ya Mungu."

"Ya Mungu yangesimama na kwangu."

Nikabaki na ndoo yangu mikononi.

Tangu hapo akawa anakwenda mwenyewe lamboni, mwendo wa kuchosha hata punda, kuchota maji ya kijani yaliyobaki chini. Damião alimkataza, hakukatazika. Akikutana na mtu njiani, ndoo kichwani, anamwambia, "Nazoeza miguu, nitamrudisha mzee wangu kwa maandamano." Moyoni alikuwa kama nguo iliyoachwa juani. Chakula kikamshinda. Tumbo likamkamata. Siku moja Damião akamkuta kaketi kando ya lambo, ndoo imelala, anashindwa kuinuka. Wakambeba mpaka kwenye wavu wake wa kulalia.

Akaagiza niitwe.

"Komadre," akaniambia, "mimi mvua hii siioni."

"Usiseme hivyo."

"Sikiliza, nina wizi haujaisha. Mwizi hufa na mali ya watu mkononi? Sasa Damião ana hasira, hafai kumbeba mtakatifu. Nataka arithi Erivan."

"Erivan?"

"Kwani na yeye si mtoto wangu? Mvua ikinyesha amtoe huko kituoni, ambebe yeye. Lakini aje kwa miguu. Kichwa wazi. Kama alivyokuwa akija enzi za mbuzi. Amlete kwanza hapa kwangu anionyeshe, ndipo amrudishe kwako." Akakohoa, na jogoo yule hakuwika tena, alikwaruza tu. "Akija na gari, komadre, usimfungulie."

"Nitamwambia."

"Mwambie simdai maji. Mwambie kwa miguu tu."

Nilimpelekea Erivan maneno hayo kama yalivyo. Alilia. Sisemi alitoa machozi ya jukwaani, nayajua hayo pia. Alilia kwa kamasi, paji la uso begani kwangu, mwanamume wa mvi.

"Nitakwenda, mama. Kwa miguu. Naapa kwa kofia ya baba."

Nikashusha pumzi. Nilipogeuka kuondoka nilimwona Wanderlei kaegemea mlango, kikombe cha kahawa mkononi. Sikujua kasimama hapo tangu lini. Alinipisha kwa heshima zote.

"Pole sana, mama," akasema. "Inagusa kweli. Inagusa mno."

Nazaré alikufa siku ya mkesha wa sikukuu, asubuhi, nikiwa nimemshika mguu.

Siku ya sikukuu tulikuwa tumejaa nyumbani kwake kwa maziko. Joto lilikuwa la kubabua ngozi. Kina mama wanasali rozari, wanaume nje wanajipepea kwa kofia. Katikati ya Salamu Maria, mbuzi wote wakalia kwa pamoja. Kisha upepo ukaja na ile harufu. Huku kwetu hata kichanga anaijua.

Tone la kwanza likapiga bati. La pili. Halafu mbingu nzima.

Hakuna aliyejua afanye nini. Wengine walicheka huku wanalia. Wapiga filimbi walikuwa na filimbi zao mifukoni wakaogopa kuzitoa. Damião akatoka akasimama mvuani, mikono imening'inia.

Ndipo nikasikia sauti ya maji yakikimbia kwenye mfereji wa bati na kuanguka ndani ya tangi tupu. Tangi la Nazaré. Tangi ambalo Erivan alilijenga kwa mikono yake, shati amelivua, saruji mpaka kwenye nyusi, enzi hizo Nazaré akimpelekea sukari guru na kumwambia asije akamjengea tangi linalovuja. Halikuvuja. Lilikuwa linajaa, na mwenyewe yuko ndani kalala, kafungwa kidevu.

"Anakuja!" mtu akasema mlangoni.

Nikakimbilia nje. Kwenye njia ya tope, peke yake, kwa miguu, kichwa wazi, alikuwa anakuja mwanangu. Miguu peku. Amemkumbatia Mtakatifu Yosefu kifuani, kidole gumba juu ya pua.

Jamani, kina mama. Nikasema kimoyomoyo, Nazaré, umemrudisha. Umekufa wewe, lakini umemrudisha.

Wapiga filimbi wakatoa filimbi. Hata Damião, nilimwona, alisogea kando ya lango kumpisha.

Halafu nyuma ya Erivan, pale njia inapokata kwenye mwamba, likatokeza gari la matangazo.

Lilikuja taratibu, mwendo wa mtu. Vipaza sauti juu. Mbele yake mpiga picha anarudi kinyumenyume na mwavuli, na Wanderlei anamwelekeza kwa mikono, suruali kaikunja magotini. Muziki ukaanza, ule wa kampeni. Na juu ya muziki, sauti ya mtu wa redio ikatangaza juu ya maiti ya komadre wangu:

"Erivan! Mtoto wa ardhi! Aliyeturudishia mtakatifu, aliyeturudishia mvua!"

Filimbi zikakatika.

Sijui miguu ilinipeleka vipi. Nilijikuta langoni, nimeshika ule mti wa kufungia. Nikaupitisha kwenye matundu yake. Nikasimama nyuma yake.

Erivan alifika upande wa pili. Maji yanamtiririka usoni, mengine ya mvua, mengine siyo.

"Baraka yako, mama," akasema.

Tangu alipoanza kusema, hajawahi kuomba baraka nikakaa kimya. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikaufumba.

"Mama, sikuwaita. Naapa. Nimetoka kituoni kwa miguu, nikawasikia nyuma."

"Umewasikia wapi?"

Akajipangusa uso begani.

"Umewasikia wapi, Erivan?"

"Pale darajani," akasema chini chini.

Kutoka darajani mpaka kwa Nazaré ni mwendo mrefu. Ametembea mwendo wote huo anausikia muziki nyuma yake.

"Komadre alisema ukija na gari nisikufungulie," nikamwambia. "Maji hakukudai. Sasa hapa kitaingia kitu kimoja. Ama wewe, ama lile gari. Kalizime kwa mkono wako, mbele ya watu hawa, uje kumzika mama yako. Au panda ndani, uende nalo."

"Mheshimiwa!" Wanderlei akaita kutoka kwenye tope. "Mwinue kidogo! Mwinue mtakatifu juu, aonekane!"

Damião akaja akasimama karibu yangu. Kilichosikika ni muziki ule, na tangi la Nazaré likijaa.

Erivan akageuka akalitazama gari. Akanigeukia mimi. Kidole chake bado kilikuwa kimeishika ile pua, kimeibana mpaka ukucha umekuwa mweupe.

Kisha akainua mguu kutoka kwenye tope. Alikoelekea nitawaeleza juma lijalo.